Kwa Boti au kwa Ndege: Nani Mwenye Hiari?

Meli kubwa ya watalii inapotia nanga mbele ya Mji Mkongwe, wageni huteremka kwa mamia, wakatawanyika Forodhani na Darajani, na jioni wengi wao hurejea melini. Wachache hubaki. Hao wanaobaki huwa na siku chache za ziada, na baadhi yao hutaka kuiona Pemba, kisiwa walichosimuliwa kuwa kina karafuu nyingi na wageni haba. Ndipo linapozuka swali lao: twende kwa boti au kwa ndege? Mwenyeji huwapimia. Ndege ni nusu saa, na bei yake kubwa. Boti ni safari ya saa kadhaa, na bei yake nafuu. Utaupita mkondo wa Nungwi ukauona kwa macho yako, lakini upepo wa kusi ukivuma matumbo yatakugeuka. Mgeni hufikiri, hucheka, huchagua. Achague hili au lile, hapotezi ila fedha kidogo au muda kidogo.

Asubuhi ile ile, kwenye lango la bandari ya Malindi, amesimama mama mmoja wa Mkoani. Alikuja mjini kumuuguza mwanawe, sasa anarudi kwao. Miguuni pake pana gunia la mchele, godoro lililofungwa kamba, beseni la vyombo na tenga la kuku wawili. Huyu hakuna anayemwuliza kama atakwenda kwa boti au kwa ndege. Jawabu lake lilikwishatolewa kabla hajafika langoni, na lililomjibia ni pochi lake. Napenda basi, msomaji, tulitazame pamoja swali hili dogo la safari, kwani ndani yake limo jingine kubwa zaidi: hiari ni nini, na aliyenayo anadaiwa nini na asiyekuwa nayo?

Tuanze na usalama, maana ndilo jambo la kwanza kutajwa. Wazee wetu wengi waliogopa ndege. Nikimsikia mmoja wao akisema: "Baharini nikianguka nitaogelea, angani nitashika nini?" Maneno hayo yanachekesha, lakini yana ukweli wa mtu wa kisiwa, ambaye bahari ni jirani yake tangu utotoni. Hata hivyo hisabu za dunia zinaonyesha kwamba ndege za abiria ni miongoni mwa njia salama kabisa za kusafiria. Wala hakuna njia iliyokingwa kabisa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyochukua watu 43 ilianguka katika Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafariki. Wa mwanzo kuwafikia walionusurika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Aliyepita angani akaokolewa na wa majini. Anayepanda ndege, kwa hivyo, hakuikimbia ajali. Amejipatia nafasi njema zaidi tu ya kufika.

Lakini kwetu visiwani tofauti ya njia hizi mbili haikomei kwenye usalama. Ndege ndogo huchukua mtu na kilo 15 za mzigo. Maisha ya yule mama wa Mkoani hayatoshi ndani ya kilo 15. Meli huchukua mchele na saruji, magodoro ya harusi, vitabu vya skuli, mbuzi wa akika na jeneza la aliyefia hospitali ya mjini. Meli ni barabara ya watu ambao kisiwa chao hakina barabara ya kutokea. Mtu aliyezaliwa bara huenda asilitambue hili upesi. Huko gari bovu likipita, mtu huweza kungoja jingine, au akatembea. Baharini hapatembeki.

Ipo tofauti nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Desturi yetu na dini yetu zinatutaka tumzike maiti mapema. Anayefariki alfajiri huenda akawa kaburini kabla ya magharibi. Nusu saa na nusu siku, kwa hivyo, si vipimo vya starehe peke yake. Anayekuja kwa ndege huwahi maziko; anayekuja kwa meli huwahi hitima.

Miaka kadhaa nyuma ami yangu alifariki Wete. Simu iliingia nyumbani kwetu Unguja baada ya sala ya alfajiri, na tukaambiwa atazikwa baada ya laasiri. Fedha tulizokuwa nazo zilitosha nauli ya ndege ya mtu mmoja. Nyumbani tulikuwa mimi na shangazi yangu, dada yake marehemu wa tumbo moja. Shangazi alinitazama akasema: "Nenda wewe mwanamume, ukamtie kaka yangu udongo. Mimi nitakuja kesho na mchele." Nikaenda. Nikasali, nikachukua jeneza begani, nikatia magao yangu matatu ya udongo. Shangazi akafika siku ya pili kwa meli, amechoka na amelowa, na gunia lake la mchele halikupungua hata punje. Watu walinisifu kuwa nimewahi. Yeye hakuna aliyemsifu. Nami ndani ya ndege, nikiitazama ile bahari ya buluu chini yangu, sikujiuliza swali lililonijia baadaye: yeye hakuwa wa kwenda kaburini, lakini je, hakustahili kuuona uso wa ndugu yake kwa mara ya mwisho?

Nimelitaja hili ili nisionekane nawalaumu wengine tu. Mwenye hiari mara nyingi haijui kuwa anayo. Huiona ni hali ya kawaida, kama hewa.

Sasa turudi baharini, tuyatazame yale ambayo hatuna haki ya kuyasahau. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo ulio baina ya Unguja na Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria mia sita na ushei. Maiti zilizoopolewa zilikuwa 203, na ripoti ya tume ya uchunguzi iliyotolewa Januari 2012 ilieleza kuwa wasioonekana kabisa walizidi 1,300. Wavuvi na wenye boti wa Nungwi waliingia baharini kuwatafuta waliokuwa wakielea juu ya magodoro na majokofu. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, katika upepo mkali wa kusi, boti ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, ikapoteza watu zaidi ya 100. Mji mzima ulivaa msiba kwa mara ya pili.

Chimbuko la vyombo hivyo lina funzo lake. Skagit ilijengwa Marekani, ikawachukua abiria wa upande wa Seattle kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa. Spice Islander ilijengwa Ugiriki mwaka 1967, ikafanya kazi huko, na ilipoletwa upande wetu umri wake ulikuwa umefikia kiasi cha miaka 40. Ugiriki nayo ni nchi ya visiwa. Huko pia mgeni anayeteremka kutoka meli ya starehe katika bandari ya Piraeus hujiuliza lile lile la mgeni wa Forodhani: kisiwani kwa boti au kwa ndege? Na huko pia bahari imeua. Tarehe 26 Septemba 2000 meli ya Express Samina, iliyojengwa mwaka 1966, iligonga miamba inayojulikana kwa mabaharia wote karibu na kisiwa cha Paros, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wagiriki walilia kama tulivyolia sisi, wakauliza kwa nini watu wa visiwani wapewe vyombo vikongwe. Basi hata uchaguzi wa chombo una ngazi zake. Juu yuko anayechagua asafiri kwa nini. Chini yake yupo anayepata kilichochakaa kwa mwenziwe, akaambiwa ashukuru.

Baada ya kila msiba wa aina hii husikika methali moja: ajali haina kinga. Huitamka sheikh, akaitamka mwanasiasa, na mfiwa naye huitamka kwa kujiliwaza. Kinywani mwa mfiwa methali hiyo ni tiba. Aliyepoteza mke na watoto watatu kwa usiku mmoja ana haki ya kuegemea kadari, kwani hana pengine pa kuegemea. Lakini neno lile lile likitoka kwa aliyeuza tiketi kupita kiasi, au aliyegonga muhuri bila ya kuhisabu vichwa, hugeuka kuwa pazia la kufichia mkono. Wahenga hao hao walitwambia tahadhari kabla ya hatari, na dini imetufunza kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kadari haikuandika idadi ya tiketi. Tiketi ziliandikwa na watu.

Hapa atainuka mwenye hoja akasema: wale abiria walikuwa na macho. Waliiona meli imejaa, na inasimuliwa kuwa wapo waliokataa kuipanda siku ile. Waliopanda, je, hawakuchagua? Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Ni kweli kwamba nasi abiria tuna makosa yetu. Humpitisha mtoto asiye na tiketi asihisabiwe, tukambembeleza karani atutie hata kama nafasi zimekwisha, na chombo kikiwa na mrama tukasema kitafika tu. Lakini tumtazame aliyekataa na aliyepanda. Aliyekataa huenda alikuwa na jamaa wa kulala kwake usiku ule, na fedha ya kula kesho. Aliyepanda huenda alitumia senti yake ya mwisho kununua ile tiketi, akiwa na watoto waliotakiwa skuli baada ya sikukuu. Wote wawili waliona hatari moja. Mmoja aliweza kuiepuka bila ya kulala njaa, mwingine hakuweza. Kuziita hali hizo mbili kwa jina moja la hiari ni kulidhulumu neno.

Naona basi kuwa hiari ina daraja. Iko hiari ya mgeni, ambayo ni ya ladha. Iko yangu ya siku ile ya msiba, iliyokuwa ya nauli moja kwa watu wawili. Na iko ya anayechagua baina ya hatari na njaa, ambayo ni hiari kwa jina tu. Kadiri mtu anavyoshuka katika ngazi hiyo, ndivyo lawama yake inavyopungua, na lawama iliyopungua kwake haipotei hewani. Hupanda juu, kwa wale waliokuwa na uwezo wa kumwekea njia iliyo bora.

Baadhi walilikubali hilo. Baada ya kuzama kwa Skagit, Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar alijiuzulu mwezi ule ule wa Julai 2012. Hakuwa nahodha wala karani wa tiketi, lakini alikubali kuwa cheo nacho kina mzigo, kama chombo. Desemba 2015 ikapokelewa meli ya Mapinduzi II, iliyojengwa Korea Kusini kwa ajili yetu, na kwa mara moja mtu wa Pemba akapanda chombo ambacho hakikuchoshwa kwanza na abiria wa nchi nyingine. Mambo hayo yanafaa kutajwa kwa shukurani. Yanaonyesha pia kuwa kinga ilikuwepo muda wote, na iliyokosekana ni nia.

Ama sisi tunaoweza kununua tiketi ya ndege, tunadaiwa nini? Sisemi tuache kupanda ndege. Kujitia hatarini makusudi ili ufanane na maskini hakumsaidii maskini. Ninachokiogopa ni kingine: kwamba mwenye sauti akishapata njia yake ya juu, huacha kuisemea ya chini. Mhariri, hakimu, daktari na mfanyabiashara wakiwa wote angani, nani atakayegundua kuwa maboya ya kujiokolea yamefungiwa kabatini? Zamani tajiri na maskini walisafiri jahazi moja, na nahodha akizidisha shehena, tajiri alipiga kelele kwa ajili ya roho yake, na maskini akaokoka kwa kelele hizo. Leo tumetengana njia. Kelele ile, ambayo zamani ilitoka kwa hofu, sasa haina budi kutoka kwa uadilifu, na uadilifu ni mvivu kuliko hofu.

Deni letu basi ni kuendelea kuwa abiria wa meli hata siku tulizo angani. Tuulize chombo kina umri gani na kinaruhusiwa watu wangapi. Tuulize kama watoto wa mikononi wameandikwa. Tusinyamaze pale jamaa yetu aliye bandarini anapotusimulia, kwa kicheko, kuwa leo wamepakiwa kama dagaa. Na ikiwa nyumbani ipo nauli moja na watu wawili, tuulizane kabla ya mwanamume kunyanyua mkoba wake.

Shangazi yangu bado husafiri kwa meli. Nilipompelekea tiketi ya ndege sikukuu iliyopita, aliishika, akaigeuzageuza, akaniuliza kilo ngapi. Nikamwambia 15. Akanirudishia. "Mwanangu," akasema, "mchele peke yake unazidi." Nikamsindikiza mpaka Malindi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasimama pale langoni nikihisabu watu wanaopanda.