Amana Ndani ya Gunia

Mtaani Kibera, sukuma wiki huota hata ubavuni mwa gunia lenye udongo na samadi. Mche ukinyauka saa sita mchana ilhali maji yapo, ung'oe: huenda mizizi imevimba vinundu kama shanga. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo.

Dawa moja huota yenyewe kando ya njia: mubangi, gugu lenye harufu kali. Mizizi yake ina kemikali za thaiofini zinazoua minyoo hao. Mwarobaini nao una azadiraktini, inayowadhuru pia.

Je, kuua kwa mmea ni halali zaidi kuliko kuua kwa dawa ya dukani?

Uasili peke yake hautoshi kuwa hoja. Nikotini hutoka kwenye tumbaku, nayo ni sumu kali. Isitoshe, minyoo wengi wa udongoni hawana hatia. Hula bakteria na kuachilia naitrojeni inayolisha mimea.

Muislamu wa mtaa wa Makina na Mkristo wa mtaa wa Kawangware hufundishwa kwamba ardhi ni amana ya Mungu. Basi mwenye amana hukagua mizizi kwanza, hutibu gunia lililougua tu, kisha hupanda zao lisiloshambuliwa kwa urahisi na minyoo hao pale palipokuwa na sukuma.