Sakafu Yangu, Dari ya Mwenzangu

Mtu akaaye ghorofani, sakafu yake ni dari ya mwenziwe. Neno hili ni jepesi kulitamka, lakini ndani yake mna swali zito la maadili: aliye juu ana uhuru gani wa kuweka mzigo ambao ukiporomoka utamwangukia aliye chini?

Swali hili limeletwa kwangu na mjukuu wangu, aliyepanga ghorofa ya pili katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja. Anapenda samaki wa mapambo na anataka kuwawekea tangi la kioo. "Babu," aliniambia, "kodi nalipa, chumba ni changu." Nami, kwa mazoea ya ualimu, nilimtaka achukue kalamu tuanze na hesabu.

Tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50 huchukua lita 300 za maji, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Ongeza kioo, mchanga, mawe na meza yake, mzigo hukaribia kilo 400. Ni kama watu wazima watano au sita waliosimama mahali pasipozidi msala mmoja. Tena wageni wa harusi huaga wakaondoka. Maji hukaa pale pale usiku na mchana.

Sakafu za nyumba zile aghalabu hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Boriti huelemewa zaidi katikati kuliko penye ukuta. Kwa hiyo tangi halina budi kusogezwa kwenye ukuta unaobeba boriti, likatize boriti kadhaa zigawane mzigo. Wala jicho pekee halitoshi, kwani mchwa na unyevu hula kwa ndani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Halikuwa tangi la samaki lililoiangusha. Lakini imetufunza kwamba ukubwa wa jengo si dhamana ya uzima wake.

Atasema mtu: tukiogopa hivi, nani atakaa ghorofani? Jibu langu ni kwamba hatari tunaishi nayo sote. Ubaya ni kujichukulia raha na kumwachia mwingine hatari bila yeye kujua. Mwenye kutazama samaki yuko juu; mwenye kulala chini ya maji hajaulizwa.

Basi nilimwambia mambo matatu: amwite fundi ajuaye nyumba za boriti aikague sakafu, aombe idhini ya mwenye nyumba, kisha ashuke ngazi amweleze jirani yake. Hili la tatu ndilo gumu. Nawe msomaji, ukiona haya kumtajia jirani kilo utakazoziweka juu ya kitanda chake, haya hiyo imekwisha kukujibu.