Safari ya Angani Isiyotoka Nyumbani

Mzazi mmoja wa Uvira, mvuvi kwa kazi yake, alitujia siku moja na mashitaka juu ya mwanawe. Hakumshitaki kwa ulevi wala kwa wizi. Alisema hivi: "Mwanangu husafiri kila siku, wala hatoki nyumbani." Tulidhani ni kitendawili. Kumbe alisema neno kama lilivyo.

Kijana yule anayo kompyuta kuukuu, ile ambayo vijana wetu huiita mashini. Ndani yake ameweka programu iitwayo Orbiter, inayoiga safari za vyombo vya angani. Aliyeitunga ni Martin Schweiger, mtaalamu wa fizikia huko London. Aliitoa mara ya kwanza mwaka 2000, bure kabisa, na mwaka 2021 akafungua hata maandishi yake ya ndani, ili kila fundi aweze kuyasoma na kuyatengeneza. Kwa kuwa haiuzwi, hupita mkono kwa mkono, tena ikishaingia katika mashini haihitaji intaneti. Ndivyo ilivyofika hata kwetu, kati ya milima ya Mitumba na ziwa. Mtu huketi mbele ya kioo, huwasha injini, hupanda juu, na kujaribu kukifikia kile kituo cha mataifa kinachoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi. Wavuvi wetu hukiona mara nyingine baada ya jua kuchwa, kama nyota inayokwenda mbio bila kumetameta.

Sasa kosa lenyewe. Nyumba ile ina bamba moja la sola na bateri moja. Usiku bateri hiyo huwasha taa za chombo, maana ndakala hufuata mwanga, na siku hizi taa za umeme zimeshika mahali pa karabai za petroli. Siku baba asipokwenda ziwani, humwangazia binti yake anayejitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Basi siku moja kijana alicheza tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na moja. Baba akaichukua bateri bila kujua. Yapata saa tano usiku taa zikafifia, zikazimika, nao wako mbali na pwani. Watu watano wakarudi bila samaki, wakipiga kasia gizani, huku vyombo vingine vya injini vikipita karibu nao wasionekane.

"Nimkataze kabisa?" Ndilo swali la baba.

Tukiri kwamba tulikuwa tayari kujibu "Ndiyo," na kuendelea na shughuli zetu. Tukajizuia, kwa sababu tuliona tunachanganya mambo mawili. Juu ya bateri hakuna mengi ya kusema. Kijana alitumia kitu cha watu watano kana kwamba ni chake peke yake, na hilo lingalikuwa kosa hata kama angaliitumia kwa kusoma maisha ya watakatifu. Lakini je, mchezo wenyewe? Ni vema mtu mzima mwenye akili akae saa nzima akijifanya yuko mahali asipopata kufika?

Jirani mmoja aliyekuwapo alijibu kwa ukali: "Angani kuna nini, na maji yako mlangoni?" Neno hilo ni zito, wala hatutaki kulipita upesi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukachukua nyumba na watu. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe limepanda, likaingia katika nyua. Aliyeyaona hayo aweza kweli kuuliza kama ni adabu kumwona kijana akiangalia nyota za kioo.

Hata hivyo twaona jirani alikosa kidogo. Kama furaha ingeruhusiwa kwa wale tu wasio na shida, pwani hii isingejua ngoma wala mpira, wala mtoto asingetengeneza gari la waya. Mtu maskini angebaki na ruhusa moja tu, ya kuhangaika. Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyeandika katika karne ya 13, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na mchezo ndio pumziko lake. Anasimulia habari ya Yohane Mtume: watu walikwazika walipomwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwambia mtu mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine tena. Akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Mtu yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Lakini Toma huyo huyo aliuwekea mchezo mipaka: usiwe wa aibu, usimwondolee mtu utaratibu wa akili yake, tena ufae kwa mtu, kwa saa, na kwa mahali. Maneno hayo ya saa na mahali tutayarudia.

Tulikwenda kuona kwa macho. Kijana alitukaribisha kwa heshima, akatuonyesha kituo, nukta ndogo mbele ya chombo chake. Akauliza: "Wazee, nifanyeje nikifikie?" Tukajibu bila kufikiri: "Ongeza mwendo!" Akatutii, akaongeza. Kituo kikazidi kuwa mbali. Lo! Akacheka, akatueleza. Ukiongeza mwendo huko unapanda, na aliye juu ana njia ndefu na huizunguka polepole. Ukitaka kumfikia aliye mbele yako sharti upunguze mwendo, ushuke, upite chini yake ambako mzunguko ni wa upesi, kisha upande tena kwa wakati wake. Baadaye tuligundua kwamba hatukuwa wajinga peke yetu. Mwezi wa Juni 1965 Mmarekani James McDivitt, rubani wa Gemini 4, alijaribu kukikaribia kipande cha roketi yake kwa kukielekea moja kwa moja. Akala mafuta mengi, akaacha. Ikawa mpaka Desemba mwaka ule ule ndipo Gemini 6 ilipoisogelea Gemini 7 hata ikabaki kadiri ya sentimita 30.

Hapo ndipo tulipoanza kumwonea kijana huruma, au tuseme heshima. Iko michezo inayomsifu mchezaji: akibonyeza hivi apewa taji, akibonyeza vile apewa dhahabu, na akiondoka amejiona mfalme. Huu haumsifu mtu. Haubembelezwi, haupokei rushwa, wala haujali wewe ni mtoto wa nani. Umekosea hesabu, umeanguka. Kijana wetu alikuwa amekaa wiki tatu akikosea, na daftari lake limejaa namba.

Liko jambo moja lililotusumbua. Mara nyingine chombo chake kilianguka baharini kwa kasi ya kutisha, naye akabonyeza kitufe, akaanza upya akitabasamu. Hakuna mjane, hakuna matanga. Ziwa letu halina kitufe hicho. Tukajiuliza: je, si huko alikozoea kuona kwamba kila kitu chaweza kuanzwa upya? Labda ndiyo sababu aliichukua bateri kwa moyo mwepesi vile. Hatuna hakika, lakini tulimwuliza, naye akainamisha kichwa.

Kwa upande mwingine, kuiga si upuzi kwa sababu ni kuiga. Mwaka 1964 huko Zambia, mwalimu Edward Makuka Nkoloso aliwafundisha vijana safari ya mwezini kwa kuwaviringisha mtelemkoni ndani ya pipa la mafuta, na dunia nzima ikamcheka. Lakini Wamarekani nao walifundisha watu wao kwa kuiga, ila pipa lao lilikuwa la gharama zaidi. Tena Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipopasuka njiani, watu watatu walibaki na umeme kidogo mno. Ken Mattingly, aliyekuwa ameachwa duniani kwa kuhofiwa ugonjwa, alishirikiana na wenzake, wakajaribu kwa mashine ya kuigia jinsi ya kuwasha chombo bila kumaliza bateri. Walikosea duniani, ili wale wa juu wasikosee. Watatu wale walirudi salama tarehe 17 Aprili. Kijana aliposikia habari hiyo ya bateri alimtazama baba yake, na baba akamtazama. Sisi tulinyamaza.

Shauri lenyewe halikutoka kwetu, bali kwa mama wa nyumba. Alisema: "Mwezi ukiwa mpevu, si hamwendi ziwani?" Kweli, siku za mbalamwezi kali samaki hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu. Bateri hubaki nyumbani. Basi wakapatana: siku hizo dada asome kwanza mpaka saa tatu, kisha kijana aruke. Siku nyingine mashini ifungwe.

Tulipita kwao mwezi mpevu uliofuata. Mwezi ulikuwa umepanda juu ya milima ya Burundi, na vyombo vyote vimevutwa mchangani. Dada amemaliza kusoma. Baba ameketi nyuma ya mwanawe, na wavu magotini.

"Na mafuta yakiisha huko?" akauliza.

"Unabaki unazunguka, Baba."

"Hakuna wa kukuvuta?"

"Mpaka mwingine aje, naye awe amepiga hesabu vizuri."

Baba aliwahi kuishiwa mafuta mbele ya Kalundu, injini imezimika na upepo unavuma. Akaweka wavu chini, akasogeza kiti. Hata leo tunapoandika, kijana bado hajafaulu kukiunganisha chombo chake na kituo.