Mbweha Ambaye Hajaandikwa

Watoto wetu wa darasa la tatu wakiambiwa waandike insha, wengi huanza na "Hapo zamani za kale", kisha hukwama. Huuma penseli, huchungulia daftari la jirani, halafu hujaza ukurasa kwa sentensi walizokariri: jua lilichomoza, ndege waliimba, siku hiyo nilifurahi sana. Mwalimu anayesahihisha madaftari 70 hukutana na jua lile lile na ndege wale wale. Si uvivu huo, wala si uzito wa akili. Mtoto ametakiwa aseme kabla hajapewa cha kusema.

Nimelitafakari sana jambo hili tangu niliposhinda asubuhi moja darasani kwa dada yangu, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Alikuwa na nakala moja tu ya kitabu cha picha, kilichofika shuleni ndani ya boksi la msaada. Kinaitwa Rosie's Walk, na aliyekiandika na kukichora ni Mwingereza Pat Hutchins, mwaka 1968. Kitabu kizima kina sentensi moja yenye maneno 32. Kuku anatoka bandani kwake, anazunguka shambani, anapita kando ya bwawa, anarudi nyumbani kula. Maneno yanaishia hapo. Picha zina habari nyingine kabisa. Nyuma ya kuku yupo mbweha anayemnyemelea ukurasa hadi ukurasa, na kila akiruka ili amkamate, anapatwa na balaa: anakanyaga reki na mpini unamgonga usoni, anatumbukia bwawani, unga unammwagikia, na mwisho nyuki wanamtimua. Katika maneno yote 32, mbweha hatajwi hata mara moja.

Dada alikuwa ameyafunika maneno ya Kiingereza kwa vipande vya karatasi. Aliwasogeza watoto mbele, wengine wakakaa sakafuni, akakiinua kitabu wakione wote.

"Mnaona nini?"

"Kuku!"

"Anafanya nini?"

"Anatembea!"

Akaandika ubaoni: Kuku anatembea. Mkono mmoja ukanyooka kutoka nyuma. "Mwalimu, mbona mbweha hujamwandika?"

Dada akampa chaki. "Njoo umwandike wewe."

Mtoto akaandika: Mbweha anatembea. Dada hakumwambia amekosea. Aliligeukia darasa akauliza, "Mbweha anatembea kama kuku anavyotembea?" Darasa zima likakataa. Mmoja akasema ananyata, mwingine anavizia, na mvulana mmoja akainuka kuonyesha kwa miguu yake jinsi mbweha anavyokwenda. Kisha likaja swali lililobadilisha somo zima: "Kuku anajua?" Wakatazama picha tena, safari hii kimya. Binti wa dawati la mbele akasema, na mwalimu akaandika neno kwa neno: "Kuku hajui kitu, lakini sisi tunamwona mbweha."

Binti yule alikuwa amegundua mwenyewe siri ambayo wasimulizi huiishi miaka na miaka: msomaji akijua jambo ambalo mhusika halijui, moyo wake unaanza kwenda mbio. Hakuna ufafanuzi wa ubaoni ambao ungemfikisha pale. Picha ilimfikisha, pamoja na mwalimu aliyekuwa na subira ya kuuliza na kungoja.

Tukumbuke mtoto anabeba mzigo gani anapoandika. Anafikiria umbo la herufi, tahajia, nafasi kati ya maneno, nukta, mstari usipinde. Juu ya yote hayo tunamtaka abuni kisa. Kitabu cha picha kinamshikia kisa ili yeye ashughulike na sentensi. Akisahau habari imefika wapi, anaangalia tena. Kurasa zenyewe zinamfundisha mpangilio: hiki kilianza, hiki kikafuata, hapa mambo yakageuka. Mwalimu akikifunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho na kusema, "Malizeni ninyi," mtoto anayo sababu ya kuandika, na mwenzake anayo sababu ya kumsikiliza.

Wapo wanaosema picha ni za chekechea, na kwamba zitaudumaza ubunifu wa mtoto. Nawaheshimu, lakini naona kinyume chake. Picha haitoi sauti wala harufu, na haisemi kuku aliwaza nini. Haionyeshi kilichotokea jana yake wala kesho yake. Hayo yote yanamsubiri mtoto. Na wazo lenyewe si geni: Comenius, mwalimu mkubwa wa Ulaya, alichapisha kitabu chake cha kufundishia kwa picha mwaka 1658.

Hapa Tanzania, mtaala wa mwaka 2015 uliweka mkazo wa darasa la kwanza na la pili kwenye KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini katika madarasa mengi kuandika kumebaki kuwa mwandiko na imla. Mwandiko mzuri ni heshima kwa msomaji, na imla inanoa sikio; sitaki viondoke. Ninachosema ni kwamba mtoto anayenakili tu sauti za wengine miaka yote ya shule ya msingi atamaliza shule akiwa na hati nzuri na hana la kwake.

Vitabu vinapatikana. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza kazi mwaka 1991. Mtanzania mwenzetu John Kilaka huandika na kuchora hadithi zake mwenyewe, zenye wanyama waliovaa nguo na rangi zinazotukumbusha michoro ya Tingatinga. African Storybook, iliyozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2014, inatoa vitabu vya picha bure mtandaoni, vikiwemo vya Kiswahili, na inaruhusu kuvitafsiri na kuvirekebisha.

Pasipo kitabu, kipo kipande cha manila. Dada huikunja karatasi, huikata katikati na kuikunja tena, ikawa kijitabu cha kurasa nane, kisha humwachia mtoto achore kwanza na aandike baadaye. Nilikishika kijitabu cha mvulana mmoja. Alikuwa amechora nyumba yao usiku wa mvua, matone yakipita darini. Chini yake aliandika: "Baba aliweka sufuria chini ya tundu. Sufuria ikajaa. Akaleta ndoo. Mama alimhamisha mtoto." Herufi zilikuwa zimepinda, na neno moja lilikosa irabu. Lakini hapakuwa na jua lililochomoza wala ndege walioimba. Palikuwa na nyumba ya kweli, na mtoto aliyeitazama vizuri akaaminiwa kuisema.

Kwangu mimi hapo ndipo elimu na utu vinapokutana. Anayefundishwa kutazama kwa makini kilichomo kwenye ukurasa ataweza kesho kumtazama jirani yake, mtaa wake na nchi yake, na kuandika alichokiona bila woga.

Basi walimu wakuu na kamati za shule, mnapopanga matumizi ya mwaka, tengeni fungu la vitabu vya picha, wala msiishie darasa la kwanza. Mzazi, ukienda mjini, nunua kimoja, ukae na mwanao mkifungue pamoja. Na wewe mwalimu mwenzangu katika malezi, mtoto akikuletea sentensi yake ya kwanza, weka kalamu nyekundu chini kidogo. Muulize kwanza: "Unaona nini kingine?" Atakujibu. Mwambie akiandike.