NIA NJEMA NA KOPO LISILO NA TUNDU



Ipo methali tuliyowafundisha watoto kwa miaka mingi: Tenda wema uende zako. Maana yake tunaijua sote, kwamba mtu asikae akingojea shukrani. Lakini ua moja dogo lililokuwa dirishani kwetu hapa Lushoto limetufanya tujiulize swali. Je, mtu akitenda wema kisha akaenda zake, na wema ule ukageuka kuwa madhara, atasema hana lawama kwa kuwa nia yake ilikuwa njema?

Ua lenyewe ni lile la rangi ya zambarau, lenye majani manene yenye vinyweleo, ambalo ni mwenyeji wa milima yetu ya Usambara. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake huko Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Tangu hapo limeenea duniani, na huko Ulaya na Marekani watu wengi hulipanda ndani ya nyumba. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli, katika udongo haba, mahali ambapo maji hupita wala hayatuami.

Mche wetu tulipewa na rafiki aliyeuotesha nyumbani kwake. Tukautia katika kopo la maziwa ya unga, tukauweka dirishani, tukaumwagilia kila asubuhi. Baada ya majuma machache majani yakalegea. Tukasema, una kiu, tukaongeza maji. Yakalegea zaidi; tukaongeza tena, jioni pia. Ndipo bibi mmoja jirani alipoingia, akaliinua kopo, akalipima uzito mkononi, akasema, “Mwalimu, ua hili halina kiu. Limezama.”

Tulipouchomoa mche, tuliona mizizi imekuwa myeusi na laini, nayo inanuka. Kopo hatukulitoboa chini hata tundu moja. Na hapa ndipo penye fundisho. Mizizi ikikaa ndani ya maji hukosa hewa, ikaoza. Na mizizi iliyooza haiwezi kunyonya maji. Kwa hiyo majani hulegea vilevile kama ya mmea wenye kiu. Dalili ni moja, lakini sababu ni mbili zinazopingana, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Anayetazama majani peke yake hataweza kujua. Sharti aguse udongo.

Tulipokuwa tukikata mizizi ile, tulimkumbuka mvulana mmoja tuliyemfundisha zamani. Alikuwa na akili, kisha akaanza kusinzia darasani na kushindwa hesabu. Tulimpenda, tukaona anahitaji kusaidiwa. Tukambakiza baada ya masomo, tukampa mazoezi ya ziada, na alipozidi kuzorota tukamwongezea. Kabla ya mtihani wa darasa la saba aliacha shule. Sisi tulisema moyoni, tumefanya tuliyoweza.

Miaka mingi baadaye tulimkuta sokoni akiuza matunda damu. Akatuamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” kwa furaha ya kweli. Katika mazungumzo akatueleza kwamba mwaka ule mama yake alikuwa mgonjwa, na yeye ndiye aliyechota maji, akapika na kumwuguza usiku. Kila saa tuliyombakiza shuleni ilitoka katika usingizi wake. Tukamwuliza kwa nini hakusema. Akajibu, “Nilijua Mwalimu ananipenda. Niliona aibu kukataa.”

Wapo watakaosema kwamba hatuna kosa, kwa kuwa hatukujua. Ni kweli kwamba nia njema hutuondolea ubaya wa moyo. Aliyezamisha ua kwa kulipenda si sawa na aliyeling’oa kwa chuki. Lakini kutokujua kwetu hakukutokana na ugumu wa jambo. Kulitokana na kutouliza. Nyumba ya mvulana yule haikuwa mbali, na kuuliza si ujinga. Tulikuwa na hakika mno ya upendo wetu, hata tukaona hauhitaji kuchunguzwa. Kwa hiyo twaona lawama ipo, nayo ni yetu.

Basi methali yetu haina kosa, ila tuliielewa nusu. Inatukataza kungojea shukrani. Haitukatazi kurudi kutazama kama wema wetu umefika. Mzazi anayemlipia kijana wake kila deni, jirani anayempa mgonjwa dawa iliyomponya yeye mwenyewe, mwalimu anayeongeza mazoezi, wote hawana budi kwanza kugusa udongo. Na pengine watagundua kwamba linalotakiwa si kuongeza bali kupunguza, au kungoja tu. Kungoja ni kugumu kwa mwenye kupenda, maana kunafanana na kutojali.

Mche ule haukupona. Uozo ulikuwa umefika kwenye shina. Lakini bibi jirani alichuma jani moja zima pamoja na kikonyo chake, akalichomeka katika mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini, katika kopo lililotobolewa. Akatuonya tusiliguse. Baada ya miezi miwili hivi, vijani vidogo kama sikio la panya vilichomoza chini yake.

Mvulana yule hatuwezi kumrudishia darasa lake. Lakini ana binti shuleni sasa, na tulipoonana naye mara ya mwisho tulimwuliza mtoto anaendeleaje. Kisha tukanyamaza, tukamsikiliza.