Ramadhani 14: Mzinga ni wako, asali je?



Mnaosoma juzuu moja kila usiku, jana mmepita Suratun-Nahl. Aya ya 68 inataja makazi ya nyuki: milimani, mitini, na katika vile wanavyojenga watu. Hilo la tatu linatuhusu sisi tunaogongelea mbao misumari.

Mwaka juzi nilijitengenezea mzinga wa viunzi. Mzee mmoja mfugaji alinisimamia kwenye kipimo kimoja tu: upana wa kila kiunzi milimita 32. Ukizidisha, nyuki wanajenga sega kukatiza viunzi viwili, na huwezi kuinua kimoja bila kuvunja cha pili. Nikapima, nikapaka nta, nikatundika mwembeni. Basi, kazi yangu ikaishia hapo. Nyuki haitwi kwa filimbi. Nilingoja miezi mitatu.

Walipojaza, nikarina. Bei ya asali karibu na Ramadhani mnaijua wenyewe. Nikatoa masega yote, hata ya akiba yao ya kula. Nikajiambia: mbao zangu, misumari yangu, jasho langu. Wiki haijaisha, kundi limehama.

Mtasema nyuki huhama hata kwa ukame au kwa siafu. Kweli. Ila mimi najua nilichowaachia mle ndani.

Sasa nilikosa nini? Mzinga wangu, asali yangu. Hata zaka, sisi Mashafii haitulazimu kwenye asali, ingawa Mahanafi na Mahanbali wanatoa moja ya kumi. Kadhi asingenikuta na kosa. Lakini mimi nilijenga chumba tu, asali sikutengeneza hata tone. Aliyeitengeneza hana mdomo wa kudai. Je, haki isiyo na wa kuidai bado ni haki? Naona ipo, tena ni nzito zaidi, maana imebaki mikononi mwa mwenye kisu peke yake.

Usidhani nasema nyuki tu. Wewe uliyempa kijana pikipiki kwa hesabu ya siku: pikipiki ni yako, hatubishani. Leo kafunga, mvua imenyesha tangu alfajiri, abiria hakuna. Jioni atakuja na pungufu, na mdomo anao lakini ataogopa kuufungua. Utamwambia nini kabla ya adhana ya magharibi?