Mpatanishi na Mshahara Wake

Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii yazua swali zito juu ya kazi moja isiyosifiwa sana, nayo ni kazi ya mpatanishi wa serikali. Walimu, wauguzi au madaktari wa umma wanapogombana na serikali, mwajiri wao, aghalabu anayeitwa kuwasuluhisha ni mtumishi wa serikali ile ile. Mshahara wake watoka katika mfuko wa upande mmoja. Je, mtu huyu aweza kuwa mwadilifu?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Katika Kenya, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yaagiza kuwa mgogoro uliopelekwa kwa waziri upewe mpatanishi katika muda wa siku 21. Mpatanishi huyo aweza kuwa mtumishi wa umma. Hupewa siku 30 za kutafuta suluhu, nazo huongezwa pande zote zikiridhia. Husikiliza, huchunguza, hutoa shauri. Lakini hana amri. Neno la hakimu ni hukumu. Neno la mpatanishi ni ombi.

Mtu asiye na amri hana silaha ila moja, nayo ni kuaminiwa. Kiongozi wa wafanyakazi humnong'oneza kiasi cha chini ambacho wenzake wangekipokea. Akikipeleka siri hiyo kwa mwajiri, atamfaa bwana wake siku moja tu. Tangu siku hiyo hakuna atakayemwambia neno la kweli, na bwana wake mwenyewe hatakuwa na haja naye. Imani iliyojengwa kwa miaka ishirini hubomoka kwa mchana mmoja.

Msomaji mwerevu atasema kuwa huo si uadilifu, bali ni woga wa hasara. Asema kweli. Uadilifu hupimwa mahali ambapo hiana isingejulikana. Hupimwa pia pale mpatanishi anapolazimika kumwambia anayemlipa: "Mliahidi, basi timizeni." Kumwambia mnyonge ukweli ni kazi nyepesi, kumwambia mwenye nguvu ni kazi ya watu wachache.

Tutazame mfano wa nchi yetu. Mwezi wa Juni 2013 mkataba juu ya mishahara na hali ya kazi ulitiwa sahihi baina ya serikali na chama cha madaktari. Madaktari walidai kuwa haukutekelezwa, na tarehe 5 Desemba 2016 wakagoma. Tarehe 13 Februari 2017 viongozi saba wa chama walifungwa jela kwa kudharau amri ya mahakama, lakini madaktari hawakurudi kazini. Siku mbili baadaye Mahakama ya Rufaa iliwaachilia, na upatanishi ukatiwa mikononi mwa chama cha mawakili na tume ya taifa ya haki za binadamu. Hata viongozi wa dini waliingia kati. Mgomo ulikwisha tarehe 14 Machi, baada ya siku 100. Wapiganapo tembo, nyasi huumia: mgonjwa maskini hakutia sahihi mkataba wowote, wala hakuuvunja, lakini ndiye aliyekosa tiba.

Hapo twaona kuwa imani ikipotea, amri haitoshi, na watu hutafuta wapatanishi nje ya serikali. Kwa sababu hii Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake wa 151 wa mwaka 1978, lilitaka migogoro ya watumishi wa umma isuluhishwe kwa mazungumzo, au kwa njia huru, isiyopendelea, yenye kuaminiwa na pande zote.

Basi jibu langu ni hili. Hakimu naye hulipwa na serikali, na huihukumu. Mshahara hununua saa za mtu. Dhamiri yake haununui, ila akiiuza mwenyewe. Hata hivyo si busara kuiacha haki itegemee wema wa mtu mmoja. Sheria na imlinde anayesema kweli.

Nawe kijana, siku rafiki yako atakapogombana na mtu usiyempenda, nao wakakuomba uamue, utajua mara moja ngozi ya ngoma unaivutia wapi.